“Aliyeuza bangili si mimi”: je, mtu anaweza kuacha kuwa yule aliyekuwa?

Swali

Assalamu alaikum. Niko Malindi, mtaa wa Shela. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, na minane kati ya hiyo ameimaliza kwenye unga, yaani heroini. Alianza akiwa kijana anayefuata watalii ufukweni. Alituibia mpaka tukazoea: simu, mtungi wa gesi, na mwisho bangili za dhahabu ambazo mama alitunzwa siku ya harusi yake. Mama alifika mahali akawa anasema, “Huyu si mwanangu, huyu ni unga umevaa sura ya mwanangu.” Sasa ana mwaka na zaidi anakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, anapaa samaki karibu na gati, anaswali, amenenepa. Mama anataka arudi nyumbani. Tulipokaa kikao, ami yetu alimuuliza habari za bangili. Anakumbuka kila kitu, hata sonara aliyemuuzia na bei aliyopewa. Lakini akasema: “Yule aliyeuza bangili si mimi. Yule alikufa.” Mama akalia, akasema yamekwisha. Ami akasema anayekunywa dawa kila siku bado ni teja tu. Mimi roho yangu ilikataa, lakini sijui imekataa nini. Wewe umesomea saikolojia: alilosema ni kweli? Na kama si yeye, deni tumdai nani?

Jibu

Wa alaikum salaam, dada yangu. Umeandika jambo zito bila kulipamba, nami nitajaribu kukujibu hivyo hivyo.

Mdogo wako hasemi uongo. Lakini alilosema halimfutii deni hata la bangili moja. Mambo haya mawili yanaweza kukaa pamoja, na kikao chenu kiliharibika kwa sababu kila mtu aliyachukua kuwa ni jambo moja: mama akaona kama si yeye basi hakuna deni, nawe ukaona kama deni lipo basi anadanganya.

Swali la nani ni nani limeitangulia saikolojia kwa miaka mingi. Mwingereza John Locke, msomi aliyejifunza pia udaktari, alilitia katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa mwaka 1694, na mpaka leo kila anayeligusa huanzia kwake. Kwa Locke, mwili hautoshi, maana mwili hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni. Kinachomfunga mtu wa leo na mtu wa jana ni fahamu. Tendo ninaloweza kulikumbuka kwa ndani, kama nililolitenda mwenyewe, ni langu. Nisiloweza kulifikia hata kidogo si langu, hata kama mikono iliyolitenda ni hii hii. Wala hakuwa akicheza na mafumbo. Alitaka kujua nani anastahili adhabu na nani anastahili thawabu. Akamleta mlevi aliyetenda kosa usiku na asubuhi hakumbuki kitu. Mahakama za duniani zitamwadhibu, alisema Locke, kwa sababu kosa limethibitika na kusahau kwake hakuwezi kuthibitika. Lakini Siku ya Hukumu, siri za nyoyo zitakapofunuliwa, hakuna atakayeulizwa kwa asilolijua.

Ukimpima mdogo wako kwa kipimo hicho, hapiti. Anamkumbuka sonara, anaikumbuka bei. Kwa Locke, aliyeuza ni yeye, na kesi imefungwa.

Kipimo chenyewe kina tobo, na Thomas Reid wa Uskoti alilionyesha mwaka 1785. Mtoto alichapwa kwa kuiba matunda bustanini. Akakua, akawa afisa shujaa, akateka bendera ya adui. Akazeeka, akawa jenerali. Yule afisa alizikumbuka fimbo za utotoni. Jenerali aliikumbuka bendera lakini fimbo zilikwisha kumtoka kabisa. Kwa kanuni ya Locke jenerali ni yule afisa, na afisa ni yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto. Hesabu haikubali. Waliomtetea Locke baadaye wakasema kinachotakiwa ni mfululizo tu: leo imeshikana na jana, jana na juzi, hata kama mwanzo na mwisho havifikiani. Hilo nalo halimsaidii ndugu yenu, maana mfululizo wake haukukatika popote. Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo nilipo na la kumwambia yeye mwenyewe.

Hata hivyo kumbukumbu si kila kitu. Kuna Mkanada anayejulikana katika vitabu vyetu kwa herufi mbili, K.C., aliyeumia ubongo katika ajali ya pikipiki mwaka 1981. Tangu siku hiyo hakuweza kulirudia moyoni tukio hata moja la maisha yake. Tabia yake nayo ilibadilika. Mwanasaikolojia Endel Tulving alipomtaka ajieleze yeye ni mtu wa namna gani, K.C. alijieleza karibu sawa na mamake alivyomweleza yeye, tena alieleza tabia yake ya baada ya ajali, si ile ya zamani. Maana yake ni kwamba kumjua “mimi ni nani” na kukumbuka “nilifanya nini” ni kazi mbili tofauti akilini, na ya kwanza hujisahihisha kimyakimya bila kuitegemea ya pili. Kwa hiyo mdogo wako anaposema “mimi si mwizi”, huenda anaieleza hali yake ya leo kwa usahihi kabisa, huku wizi wote anaukumbuka. Hakuna unafiki hapo.

Sasa nikupeleke mahali ambapo barua yako ilinisimamisha. Nani alitangulia kusema “si yeye”? Si mdogo wako. Ni mama. “Huyu si mwanangu.” Nyumba nzima iliisema sentensi hiyo kwa miaka, na naamini nawe uliisema, hata kama hukuiandika. Mlikuwa mkila naye sahani moja, mnamjua kwa jina, mnajua kovu lake la utotoni liko goti gani, na bado mkasema si yeye. Kwa nini?

Nina Strohminger na Shaun Nichols walilichunguza hilo mwaka 2015 kwa familia zenye wagonjwa wa aina tatu. Wengine walikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu. Wengine walikuwa na maradhi ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo mara nyingi huanza kwa kuharibu mwenendo: mtu mpole anakuwa mkavu wa huruma, mwaminifu anakuwa mdokozi. Wengine walikuwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli na kuiacha akili kwa kiasi kikubwa. Waliulizwa mgonjwa wao amebaki kuwa yule yule kwa kiasi gani. Ungedhani waliouguza wenye kusahau ndio wangesema mtu wao amepotea. Haikuwa hivyo. Waliosema hivyo zaidi ni wale ambao mgonjwa wao aliharibika maadili. Kusahau peke yake hakukuwafanya watu wamwone mtu wao kuwa mgeni. Kupotewa na wema, huruma na uaminifu ndiko kulikowafanya.

Kwa hiyo mama hakuwa akitia chumvi. Alikuwa akisema kile ambacho binadamu wengi huhisi: mtu ni yeye kwa mwenendo wake kwanza, sura na kumbukumbu baadaye. Na mdogo wako, aliposimama mbele ya ami, hakubuni hoja ya ujanja. Aliyachukua maneno ya mamake, aliyoyasikia kwa miaka, akawarudishia. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuwaamini nyinyi.

Lakini mizani hii imeelemea upande mmoja. Mwaka 1848 msimamizi wa ujenzi wa reli huko Marekani, Phineas Gage, alipenywa na mtaimbo kichwani, akaishi, na wenzake wakasema Gage si Gage tena. Kevin Tobia aliichukua habari hiyo mwaka 2015 akatunga visa viwili: mtu mwema anaumia anakuwa katili, na mtu katili anaumia anakuwa mwema. Mabadiliko ni makubwa sawa. Hata hivyo wasomaji walielekea zaidi kusema mtu amepotea pale alipokuwa mbaya kuliko pale alipokuwa mwema. Aliyeharibika “si yeye”. Aliyetengenea “ndiye hasa”. George Newman, Paul Bloom na Joshua Knobe waliliona jambo hilo hilo kwa njia nyingine: watu hudhani kwamba ndani kabisa ya kila mtu kuna mtu halisi, na mtu halisi huyo ni mwema. Utafiti uliofuata mwaka 2018 uliikuta imani hiyo Urusi, Singapore na Colombia, hata kwa watu ambao kwa kawaida hawana imani na binadamu wenzao.

Mimi naiona imani hiyo kuwa ni huruma zaidi kuliko sayansi. Hakuna aliyewahi kupasua kichwa akamkuta mtu halisi amekaa ndani anasubiri. David Hume, mwaka 1739, alisema kila akijichungulia hakuti ila joto na baridi, mapenzi na chuki, uchungu na raha, vinapita; mwenyewe wa kuvibeba hamwoni. Lakini huruma nayo ina kazi yake. Mama akisema “mwanangu amerudi”, hatoi taarifa ya kitabibu. Anamfungulia mtu mlango. Usishindane naye katika hilo.

Tuje kwenye lile roho yako ililokataa. Nadhani ulihofia anakwepa. Ni hofu ya haki, kwa sababu sote tunakwepa namna hiyo. Michael Ross na Anne Wilson waliwataka wanafunzi wa chuo wakumbuke somo walilopata alama nzuri zaidi au somo walilopata alama mbaya zaidi katika muhula uliopita. Muda uliopita ulikuwa ule ule, lakini waliokumbuka alama mbaya walihisi jambo lenyewe liko mbali zaidi. Tunayasukuma ya aibu nyuma na kuyavuta ya sifa karibu. “Yule alikufa” ni msukumo wa aina hiyo, uliopelekwa hadi mwisho wake.

Ila si kila anayesukuma anakwepa, na hapa ningependa utulie nami kidogo. Shadd Maruna aliwahoji kule Liverpool watu waliokuwa na maisha marefu ya wizi na dawa za kulevya, wengine wameacha, wengine bado wanaendelea, na akachapisha matokeo yake mwaka 2001. Tungetarajia walioacha wawe ndio wanaojilaumu kwa ukali. Badala yake, walioacha ndio waliokuwa wakisema: mimi wa kweli sikuwa yule, ilikuwa unga, ilikuwa mtaa, na sasa niliyekuwa ndani nimetoka. Wakati huo huo walijiona wana uwezo juu ya maisha yao ya mbele. Waliokuwa bado wanaendelea ndio waliojiona wamekwisha kuhukumiwa na maisha, kwamba ndivyo walivyo, hakuna cha kufanya. Kwa hiyo ukimlazimisha mdogo wako akiri mbele ya ukoo kwamba “mimi ni mwizi, ndivyo nilivyo”, utapata kauli inayomridhisha ami na kumrudisha kijana maskani, kwa wenzake wa unga.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu haukuyategemea maneno. Daniel Randles na Jessica Tracy waliwarekodi kwa video watu waliokuwa wameacha pombe karibuni, wakawauliza juu ya mara ya mwisho walipokunywa wakajuta. Kisha wakaiangalia miili: mabega yameporomoka kiasi gani, kifua kimejikunja kiasi gani. Baada ya miezi kadhaa wakawafuata tena. Walioonyesha aibu zaidi mwilini ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kwenye pombe, na waliorudi, kadiri aibu ilivyokuwa kubwa ndivyo walivyokunywa zaidi. June Tangney na wenzake, waliowafuatilia wafungwa Marekani, walikuta kwamba aliyejuta kwa tendo lake, “nilifanya kibaya, nitengeneze”, alikuwa na uwezekano mdogo wa kurudia makosa. Aliyeona aibu ya nafsi nzima, “mimi ni mbaya”, akaanza kutafuta wa kumtupia lawama, alikuwa hatarini zaidi.

Jaribu kukumbuka: ami alipotaja bangili, mdogo wako alikaaje? Alimtazama mama, au aliinamia mkeka? Mikono ilikuwa wapi? Sisemi uwe mpelelezi. Nasema sentensi “yule alikufa” inaweza kutamkwa na mtu aliyenyooka anayesimulia safari yake, na inaweza kutamkwa na mtu aliyejikunja anayetafuta pa kujificha. Maneno ni yale yale, dawa ni tofauti. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo.

Tracy huyo huyo, safari hii na William Dunlop, mwaka 2013 walisikiliza namna walioacha pombe walivyosimulia kinywaji chao cha mwisho. Waliosimulia kwamba kutokana na tukio lile nafsi yao ilibadilika ikawa bora walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea bila pombe miezi iliyofuata. Angalia vizuri: hadithi ile haiizimi zamani. Inaitumia. “Nilifika pale, na pale ndipo palinigeuza.” Dan McAdams, aliyefanya kazi hii ya hadithi za maisha tangu miaka ya 1980, anaamini sehemu kubwa ya utambulisho wetu wa utu uzima ni hiyo hiyo: simulizi tunayojitungia ya tulikotoka, tuliko na tunakokwenda. Simulizi yenye mtu aliyekufa katikati ina kasoro ya utunzi. Mhusika mkuu akifa, aliyebaki amefikaje hapa?

Ndiyo maana nilisema nitarudi kwenye ule mfululizo usiokatika. Hebu nawe muulize, kwa upole, mkiwa wawili tu: siku ile ya kwanza, aliyeamka na arosto, mifupa inauma, makamasi yanatoka, akaacha kwenda maskani akaenda kliniki, alikuwa nani? Hakuwa huyu anayepaa samaki. Huyu hakuwepo bado. Alikuwa teja. Yule yule aliyeuza bangili ndiye aliyejivuta mpaka dirishani kunywa dozi ya kwanza, na ndiye aliyerudi kesho yake. Akimuua yule ili kuiepuka aibu ya sonara, anamuua pia aliyemwokoa. Kama ana haki ya kujivunia kuacha, basi ana uhusiano na aliyeanza. Huwezi kurithi sifa ukaacha deni.

Katika ushauri hoja hii huingia mahali ambapo lawama haziingii, kwa sababu inamrudishia mtu kitu badala ya kumpokonya. Mtu akisema “niliuza mimi, na niliyeacha ni mimi”, mabega hayana haja ya kuporomoka.

Kuhusu ami na methadoni nitasema kwa ufupi. Methadoni hukaa kwenye vipokezi vile vile vya ubongo vinavyokaliwa na heroini, lakini huingia polepole na dozi moja hutosha zaidi ya siku nzima, kwa hiyo arosto haiji na, dozi ikiwa sawa, mtu halewi. Anabaki na akili zake, anafanya kazi, anaswali. Malindi imekuwa na kliniki hiyo tangu 2015, ami akitaka anaweza kwenda kuwaona watu wanavyokunywa dawa na kurudi kazini. Kumtaka aache dozi ili athibitishe kuwa “amekuwa yeye” ni hatari kwelikweli: wanaoachishwa mapema hurudi kwa wingi kwenye unga, na mwili uliopoteza uzoefu unaweza kuuawa na kipimo ambacho zamani kilikuwa cha kawaida. Wa kuipunguza ni daktari wake pamoja na yeye, si kikao cha ukoo.

Halafu kuna mji. William James aliandika mwaka 1890 kwamba mtu ana nafsi za kijamii nyingi kadiri ya watu wanaomtambua na kubeba picha yake vichwani mwao. Charles Cooley, mwaka 1902, akaongeza kwamba tunajiona kwa namna tunavyodhani wengine wanatuona. Malindi si kubwa. Mdogo wako anaweza kutangaza kifo cha yule mwingine sebuleni kwenu, lakini kwa mwenye duka la kona yule bado yuhai, na mwanamke wa sokoni akimwona anausogeza mkoba upande wa pili. Bila shaka maskani bado wana jina lao la kumwita. Kila mmoja wao anamrudishia picha ya zamani mara kadhaa kwa siku. Nyumba ambayo inampa picha nyingine si jambo dogo kwake, na hii ndiyo sababu ya kitaalamu ya kuliunga mkono ombi la mama. Nyinyi mkibaki na picha ya zamani, hana mahali pengine pa kuipata mpya.

Sasa deni. Mwanafalsafa Derek Parfit, mwaka 1984, alikwenda mbali kuliko wote: akasema kuwa yule yule si jambo la ndiyo au hapana. Kuna kiasi. Kumbukumbu, nia, tabia na mapenzi hutuunganisha na sisi wa zamani kwa nguvu zaidi au kidogo, na muunganiko ukidhoofika, hata kustahili adhabu kunaweza kupungua. Mfano wake ni mzee wa miaka 90 mwenye Tuzo ya Nobel ya Amani anayekiri kwamba alipokuwa na miaka 20 alimjeruhi polisi katika ugomvi wa ulevi. Parfit akaona huenda mzee huyu leo hastahili kuadhibiwa. Inaingia akilini. Lakini hiyo ni miaka 70. Ndugu yenu ana mwaka na kitu. Na zaidi ya hapo, adhabu na deni si ndugu. Adhabu inamtazama mkosaji, deni linamtazama aliyedhulumiwa. Mama hakubadilika, mikono yake iko mitupu leo kama ilivyokuwa siku ile. Hata akithibitisha kwa vitabu vyote nilivyovitaja kwamba amekuwa mtu mpya, mtu mpya huyo bado ndiye wa karibu zaidi na aliyechukua, na ndiye anayefaidi yote yaliyobaki kwake: jina, nyumba, mapenzi ya mama.

Mimi si sheikh, lakini jambo hili unalijua tangu madrasa. Tauba inafuta, na aliyetubia ni kama asiye na dhambi. Hata hivyo wanazuoni, pamoja na kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi, wakaweka sharti jingine pale palipo na haki ya mja: irudishwe, au mwenyewe asamehe. Basi hata pale anapohesabiwa kama mtu aliyesafika, bangili za mwenyewe zimebaki juu yake.

Mwenye haki ya kusamehe ni mama, si wewe wala ami. Mama alisema yamekwisha, lakini alisema huku analia, mbele ya watu. Siku nyingine mkae wawili umuulize kwa utulivu kama amesamehe au alitaka tu kelele ziishe. Kama amesamehe, deni limekwisha na usilifufue. Kama hakusamehe, mdogo wako alipe kidogo kidogo kutoka kwenye pesa za samaki, hata kama haitafika thamani ya dhahabu maishani mwake. Akitaka kulipa hata baada ya kusamehewa, mwacheni. Kumzuia ni kumnyima njia ya kuibadilisha aibu kuwa kazi ya mikono.

Kilichobaki ni kuaminiana, nacho ni kitu kingine kabisa. Unaweza kuamini kwa moyo wote kwamba ni ndugu yako yule yule wa kabla ya unga, na bado ukafunga kabati. Kumwamini mtu ni kukisia atakachofanya kesho, na hilo hujulikana kwa mwenendo, si kwa nadharia ya nafsi. Arudi nyumbani, apewe chumba, asipewe funguo za kila mlango kwa sasa, na aambiwe hivyo waziwazi badala ya kufichwafichwa. Waliopona wengi huipokea vizuri kauli ya wazi. Kinachowachoma ni minong’ono ya korido.

Kabla ya kumjibu mama habari ya chumba, muombe mdogo wako akupeleke siku moja kwa mshauri wake wa kliniki. Akikubali, nendeni asubuhi kabla hajaanza kazi ya samaki, na umwachie yeye aseme kwanza. Suala la bangili lianzie pale, mbele ya mtu mmoja anayelijua suala hili, bila ami.